Kipande cha Pamba Jaladani: Vinasaba, Hukumu za Zamani na Utunzaji wa Vielelezo



Nimeombwa nizungumzie kipimo cha vinasaba kama njia ya kuzichunguza upya hukumu za jinai zilizokwisha kutolewa. Kwenye sayansi yenyewe sitakaa sana, maana si hapo tunapokwama. Alec Jeffreys alivumbua njia ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Polisi walipoitumia kwa mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji, mtu wa kwanza kuguswa na matokeo yake alikuwa asiye na hatia: kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri kosa, ambaye vinasaba vilionyesha kwamba siye. Aliyefanya mauaji yale alipatikana baadaye. Kwa hiyo kazi ya kusafisha watu haikuongezwa juu ya kipimo hiki baadaye na wanaharakati. Kilianza nayo.

Ninachotaka kukisema leo ni hiki. Haki ya mfungwa kuomba kipimo, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu katika katiba, haimfai kitu iwapo kielelezo kimekwisha kuchomwa moto. Tunabishana sana kuhusu milango ya mahakama, nani aingie na kwa hoja gani, na hatuulizi kilichopo kwenye rafu. Nitaonyesha kwa mfano wa jimbo la Virginia, Marekani, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo jambo hili limejidhihirisha wazi kama pale.

Virginia na mtaalamu aliyebandika pamba

Katika miaka ya 1970 na 1980, maabara ya serikali ya Virginia ilikuwa na mtaalamu wa damu na majimaji ya mwili aitwaye Mary Jane Burton. Wakati ule hapakuwa na vinasaba mahakamani. Kilichokuwapo ni makundi ya damu, na kundi la damu humwondoa mtu au humbakiza katika kundi kubwa la watu wengine, halimtaji mmoja. Utaratibu wa kawaida ulikuwa maabara ikimaliza kupima inarudisha vielelezo kwa polisi au mahakama iliyovileta, na kesi ikiisha vinateketezwa. Burton naye alirudisha. Lakini alikuwa na mazoea yake: kabla ya kurudisha, alikata kipande kidogo cha pamba au cha kitambaa alichokipima, akakibandika kwa selotepu kwenye karatasi yake ya kazi, na karatasi ikaingia jaladani. Majalada yakapelekwa ghalani. Aliondoka kazini mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufariki mwaka 1999, bila kujua vipande vile vingekuja kufanya nini.

Mwaka 1982 kijana wa miaka 18, Marvin Anderson, alishtakiwa kwa ubakaji katika wilaya ya Hanover. Naomba tuitazame kwa karibu namna alivyotambuliwa. Mbakaji alikuwa amemwambia mwanamke yule kwamba ana mpenzi mzungu. Askari mpelelezi alimfahamu mwanaume mweusi mmoja tu aliyekuwa akiishi na mwanamke mzungu, naye ni Anderson. Kwa kuwa kijana hakuwa na rekodi ya uhalifu, polisi hawakuwa na picha yake. Wakaenda kuichukua kwa mwajiri wake. Picha ile ilikuwa ya rangi. Nyingine zote alizoonyeshwa mlalamikaji zilikuwa nyeusi na nyeupe. Akaichagua ya Anderson. Muda mfupi baadaye likapangwa gwaride la utambulisho, na katika gwaride zima Anderson ndiye pekee ambaye picha yake ilikuwa miongoni mwa zile alizokwisha kuziona. Akamchagua tena. Hukumu: kifungo cha miaka 210.

Wenzangu wa Tanzania watakumbuka kwamba miaka miwili kabla ya hapo Mahakama ya Rufani yetu, katika shauri la Waziri Amani, ilikuwa imekwisha kuonya kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu mno na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Onyo lile ni la kweli kokote duniani. Mwanamke wa Hanover hakusema uongo. Alimwona mtu kwenye picha, kisha akamwona mtu yuleyule kwenye gwaride, na kumbukumbu yake ikashika sura iliyowekwa mbele yake.

Mwaka 1988 mtu mwingine alisimama mahakamani, akala kiapo na kukiri kwamba kosa lile ni lake. Jaji aliyesikiliza alikuwa yuleyule aliyemhukumu Anderson. Hakumwamini. Anderson akarudi gerezani, na alipoachiwa kwa masharti mwaka 1997 alitoka akiwa bado mbakaji mbele ya sheria. Mawakili wa Innocence Project, taasisi iliyoanzishwa New York mwaka 1992 na Barry Scheck na Peter Neufeld, walikuwa wakitafuta vielelezo vyake na kujibiwa kwamba vimeteketezwa. Hatimaye mkuu wa maabara alifungua jalada la zamani la Burton, na pamba ikakutwa imebandikwa pale pale. Ikapimwa mwaka 2001. Anderson hakuhusika. Vinasaba vilimwelekea mtu aliyekuwa amekiri miaka 13 nyuma.

Hapo ikadhihirika kwamba kama jalada moja lina pamba, mengine pia yanazo. Watu wengine wawili wa mji wa Norfolk, Julius Ruffin na Arthur Whitfield, wakasafishwa kwa njia hiyohiyo, kila mmoja akiwa ametumikia zaidi ya miaka 20. Vinasaba katika kesi zote mbili vikamwonyesha mtu mmoja. Mwaka 2004 Gavana Mark Warner akaamuru kesi 31 zichukuliwe kama sampuli. Watu wawili katika hizo 31 wakabainika si wahalifu. Desemba 2005 akaagiza majalada yote ya mwaka 1973 hadi 1988 yapekuliwe. Yalikuwa zaidi ya nusu milioni.

Gavana huyohuyo aliruhusu pia kipimo katika kesi ya Roger Coleman, aliyeuawa na jimbo hilo kwa kiti cha umeme mwaka 1992 huku akisisitiza hadi dakika ya mwisho kwamba hakuua, na ambaye watu wengi, ndani na nje ya Marekani, walimwamini. Matokeo yalitoka Januari 2006: vinasaba ni vyake. Naitaja kesi hii makusudi kwa ndugu waendesha mashtaka. Kipimo hakina upande, na anayekiogopa kwa hofu kwamba kitafungua magereza yote hajaitazama rekodi.

Liko jambo jingine ambalo wasifiaji wa Burton hulikwepa. Katika miaka ya karibuni zimeibuka tuhuma, zikitoka kwa mtu aliyefanya kazi naye maabara, kwamba Burton hakuwa mwaminifu katika baadhi ya majibu aliyoyaandika. Ni tuhuma nzito, na zinagusa watu waliofungwa kwa maneno yake kizimbani. Lakini tazameni: tunachoweza kutumia leo kuipima kazi yake ni vipande vilevile alivyovibandika. Kielelezo kilichotunzwa humkagua polisi, shahidi, jaji na hata mkemia aliyekitunza.

Pale ambapo pamba haipo

Thomas Haynesworth alikamatwa Richmond, Februari 1984, akiwa na miaka 18, akienda dukani alikotumwa na mama yake. Mwanamke mmoja aliyeshambuliwa siku chache kabla alimwona njiani akamwonyesha kwa polisi, na baada yake wanawake wengine wakamtambua. Alitiwa hatiani katika mashtaka ya watatu. Mashambulizi ya aina ileile yaliendelea mtaani naye akiwa rumande, mpaka akakamatwa jirani aliyefanana naye sana kwa sura. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza.

Mwaka 2009 pamba ya kesi moja aliyofungiwa ilipimwa, ikamwonyesha jirani yule. Ya kesi nyingine, ambayo Haynesworth alikuwa ameachiwa huru, nayo ikamwonyesha jirani. Zikabaki kesi mbili zilizompa kifungo, ambazo hazikuwa na chochote cha kupimwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo na waendesha mashtaka wenyewe waliungana na mfungwa kuiomba mahakama imtangaze hana hatia katika zote. Mahakama ya Rufani ya Virginia ikaketi majaji 10. Desemba 2011 majaji 6 wakakubali, 4 wakakataa.

Angalieni uwiano huo. Serikali na mfungwa wamesimama upande mmoja, mhalifu halisi anajulikana na yuko gerezani, mtindo wa uhalifu ni mmoja, na bado majaji wanne wanashindwa kuridhika kwa sababu katika kesi hizo mbili rafu ilikuwa tupu. Haynesworth alikaa ndani miaka 27. Kura moja tu ingeondoka upande wa sita, kungekuwa na watano kwa watano.

Kwetu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(6), inampa mtu aliyetiwa hatiani nafasi ya kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya, ikiwa rufani imekataliwa au muda wake umepita, na kukapatikana ushahidi mpya wenye uzito. Mahakama ya Juu iliufafanua ushahidi huo mwaka 2014 katika shauri la Luteni Kanali Tom Martins Kibisu: uwe haukuwapo wakati wa kesi wala usingeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida, na uwe wa kuaminika kiasi cha kuweza kubadili hukumu. Ni mlango mzuri. Napenda kusema wazi kwamba Kenya imetutangulia hapo.

Tanzania tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na tuna Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, inayotaja sababu za kuomba mapitio ya hukumu, haimo ndani yake sababu ya ushahidi mpya. Yumo aliyenyimwa nafasi ya kusikilizwa. Imo hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu. Lakini mtu mwenye jibu la maabara mkononi, baada ya rufani yake ya mwisho, anabaki kumtazama Rais. Na msamaha wa Rais humtoa mtu gerezani bila mahakama kutamka kwamba hakutenda kosa.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Tangu shauri la Selemani Makumba, mahakama zetu zinashika kwamba ushahidi bora wa kosa la kujamiiana hutoka kwa aliyetendewa. Msimamo huo uliwaokoa wanawake na watoto wengi waliokuwa wakidaiwa mashahidi wasiokuwapo. Sitaki vinasaba viwe kikwazo kipya kwa mtoto wa kijijini ambaye hospitali yake haina hata glovu za kutosha. Nisemalo ni kwamba pale sampuli ilipochukuliwa, isitupwe.

Maana huchukuliwa. Mlalamikaji anapewa fomu ya PF3, wenzetu wa Kenya huiita P3, anakwenda hospitali, daktari anampima na kuandika. Mara nyingi fomu ndiyo inayosafiri hadi mahakamani. Kijiti cha pamba, kama kilitumika, huishia hospitali. Nguo hukunjwa mbichi na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kwa joto na unyevu wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, plastiki ile hushika mvuke, ukungu unaota, na vinasaba vinaharibika. Nguo hiyohiyo ikikaushwa kivulini na kutiwa kwenye bahasha ya kaki, ikaandikwa namba ya jalada, tarehe na jina la aliyeifunga, inaweza kupimika baada ya miongo kadhaa. Pamba za Burton zilidumu bila friji, ndani ya karatasi. Tofauti ya gharama kati ya plastiki na kaki haifai hata kutajwa katika bajeti.

Kisha kesi inaisha, na mahakama inatumia mamlaka yake ya kisheria kuamuru vielelezo virudishwe kwa mwenyewe au viharibiwe. Hapa ndipo ninapoomba badiliko. Virginia, mwaka 2001, ilitunga sheria inayomruhusu aliyetiwa hatiani kuiomba mahakama vielelezo vya kibaiolojia vitunzwe hadi miaka 15. Naona huo ni muda mfupi, na tena haifai mfungwa asiye na wakili aachiwe kazi ya kuomba. Kwetu, ambako ubakaji wa mtoto wa chini ya miaka 10 huleta kifungo cha maisha, amri ya kutunza ingefuata hukumu yenyewe: kipande cha kielelezo kibaki kwa Mkemia Mkuu mpaka adhabu iishe, na hakimu aandike hivyo siku anayosoma adhabu. Gauni zima si lazima. Kipande cha ukubwa wa kucha kinatosha.

Na majibu yakitoka, yamfikie mwenyewe. Bennett Barbour alitiwa hatiani Virginia mwaka 1978, akiwa na maradhi ya mifupa inayovunjika kirahisi. Maabara ilimaliza kipimo kilichomsafisha mwaka 2010. Hakuambiwa, ilibidi wakili wa kujitolea amtafute kwa simu mwanzoni mwa mwaka 2012. Mahakama ilimtangaza hana hatia mwezi Mei mwaka huo, na Januari iliyofuata akafariki kwa saratani. Kwa hiyo katika rasimu ya mapendekezo mliyonayo mezani nimeandika kwamba jibu la maabara lipelekwe kwa mfungwa, kwa wakili wake na kwa mwendesha mashtaka ndani ya siku 30, na kwamba aliyetendewa kosa atafutwe na afisa ustawi wa jamii, aelezwe nyumbani kwake kabla hajasikia redioni. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ambacho ningependa tukijadili kwanza, kwa sababu sijaridhika kwamba afisa ustawi peke yake anatosha.