Chanjo ya Corona Haigusi DNA: Hotuba kwa Wakazi wa Sagalla

Swali linalosumbua watu ni hili: je, chanjo za corona za Moderna na Pfizer, zilizofika Kenya mwaka 2021, hubadilisha DNA ya mtu?

Hapana. DNA hukaa ndani ya kiini cha seli. mRNA ya chanjo haiingii humo. Huufundisha mwili kutambua virusi, kisha huvunjwavunjwa baada ya siku chache.

Madhara yapo: homa, uchovu na, kwa nadra, uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume. Mwenye maumivu ya kifua aende hospitali mara moja.

Corona iliwaumiza zaidi wazee na wenye sukari. Uvumi usiwanyime kinga. Kuuliza si ujinga: muulizeni muuguzi wenu.