Ile Picha ya Bangi Inayometameta

(Mazungumzo na vijana wa klabu ya afya shuleni)

Haya, kaeni. Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu bangi, na najua mnangoja nianze kuwatisha. Leo sitishi mtu. Nataka tuangalie picha.

Ni zile zinazozunguka kwenye simu: ua la bangi limepigwa kwa karibu sana, linameta kama limemwagiwa sukari. Sikatai, zinapendeza! Nyingi hazikupigwa shambani. Zinatoka Marekani, Kanada, Uholanzi, kwa watu wanaootesha bangi vyumbani kwa taa kali na feni. Mpigaji hutumia lenzi ya kukuza vitu vidogo. Lenzi hiyo huona vizuri sehemu nyembamba tu, kwa hiyo hupiga picha nyingi, kisha huziunganisha kwenye kompyuta ziwe moja. Kazi ya subira kweli. Laiti wangeifanya kwa maua ya mchicha!

Sasa ile "sukari" ni nini? Ni vinyweleo, kila kimoja kina kichwa cha mviringo, kama uyoga mdogo wa kioo. Ndani ya kichwa hicho kuna utomvu unaonata, na humo ndimo ilimo THC, kemikali inayolewesha. Wanasayansi wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga mwaka 1964. Kwa hiyo mtu anayejisifia mng'ao anajisifia ukali. Ni kama kupiga picha lebo ya chupa ya pombe, pale penye asilimia.

Na ukali huo umetafutwa. Wakulima wa vyumbani huchagua mbegu kali, hubakiza mimea jike tu. Jike lisilopata chavua halizai mbegu. Huendelea kutoa maua na utomvu. Bangi iliyokamatwa Marekani na kupimwa ilikuwa na THC kama asilimia 4 mwaka 1995. Mwaka 2014 ilifika kama asilimia 12. Mara tatu! Ya kwetu huota juani shambani, lakini nayo haina lebo. Anayekuuzia msokoto hajui asilimia, na wewe hujui.

Najua kuna atakayeniuliza, "Mbona Kanada ni ruksa?" Ni kweli, tangu Oktoba 2018, na sehemu nyingi za nchi hiyo mtu mzima anaweza kuotesha miche minne nyumbani. Mtu mzima, nimesema. Wenye umri wenu hawaruhusiwi hata kununua. Hapa Tanzania, Sheria ya mwaka 2015 ya dawa za kulevya haijali kama mche uko shambani au kwenye ndoo chumbani kwako: ni jela, tena miaka mingi.

Lakini hasa nimekuja kwa ajili ya ubongo wenu. Ubongo huendelea kukomaa mpaka kama miaka 25, na THC hugusa sehemu za kumbukumbu, furaha na woga. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa Ulaya na Brazili, ulikuta kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa mkali wa akili karibu mara tano kuliko wasiovuta kabisa. Si kila anayevuta hurukwa na akili, jamani. Wengi hawarukwi. Ila hakuna kipimo cha kukuambia mapema kama wewe umo au humo, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo, hatari inazidi.

Basi siku mwenzenu akianza kusikia sauti, akidhani mnamfanyia njama, akikesha siku tatu bila usingizi, msimcheke. Msimfunge kamba. Msikimbilie kusema amerogwa. Mkalisheni mahali patulivu, mwiteni mtu mzima mnayemwamini, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Daktari akiuliza ametumia nini, semeni ukweli wote, hata kama mlikuwa pamoja. Anauliza ili ajue namna ya kutibu. Mkificha, anatibu gizani, na anayeumia ni rafiki yenu.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma unayeficha simu, anza.