KUHUBIRI KATIKA MJI WA UGENI KWA WITO WAKO MWENYEWE

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Tingi



Ratiba inasema tuzungumze juu ya utumishi nje ya mipaka. Tuanze na lililo mezani, maana wengine mmelisubiri tangu asubuhi.

Ofisi yetu imepokea maombi ya vijana wa huku, wa milimani na wa ziwani, wanaotaka kwenda kuhubiri katika miji ya nje: Nairobi, Lilongwe, na mmoja Johannesburg. Hawatumwi na dayosisi wala hawana shirika nyuma yao. Kila mmoja anasema ameitwa, na anaomba usharika wake umpe nauli na barua. Fedha wanayoomba inatokana na kahawa na sadaka za akina mama wanaouza dagaa. Kwa hiyo hatuwezi kuwajibu "Mungu akubariki" tukanyamaza, wala hatuwezi kuwacheka.

Baadhi ya wajumbe wamesema kwamba mtu anayejipeleka mwenyewe si mtumishi, ni msafiri. Hapo hatukubaliani nao. Akila na Prisila hawakutumwa Korintho na kamati yoyote. Walifukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine, wakafika mjini kama wakimbizi wenye ufundi wa kushona mahema. Mtume Paulo alikaa kwao kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Alikaa mjini humo mwaka mmoja na miezi sita, akishona na kufundisha. Kazi ya kanisa katika mji wa ugeni ilianzia kwenye karakana.

Lakini tusiishie Korintho. Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano unaotuhusu sisi Walutheri, nao unarudi mpaka ziwani kwetu. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mlutheri wa Württemberg, Ujerumani, aliyeajiriwa na chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza. Kazi yake Ethiopia ilipofungwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua pwani yetu. Mwaka 1844 alipita Unguja, akapata barua ya Sayyid Said ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akahamia Mombasa. Mshahara ulitoka Uingereza, ndiyo, lakini barua ilichukua miezi kwenda na kurudi. Ya kila siku aliyaamua mwenyewe.

Tazameni alivyoanza. Mombasa ulikuwa mji wa Waislamu wenye wanazuoni wake na utaratibu wake, na Krapf hakusimama sokoni na kengele. Alikaa akajifunza Kiswahili, na mmoja wa waliomsaidia katika tafsiri zake za mwanzo alikuwa kadhi wa mji. Miezi michache baada ya kufika, Julai 1844, mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa. Tunaomba kila kijana aliyeandika barua ya maombi asikie habari hiyo kabla hajasikia nyingine, na wazazi wake wasikie pia.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, naye wa Württemberg, wakahamia Rabai. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, karibu miaka 30, akaondoka akiwa kipofu. Waliobatizwa katika muda huo walikuwa wachache sana. Ndugu zetu wafadhili mtatusamehe tukisema kwamba taarifa za robo mwaka za Rebmann zingekuwa fupi, na huenda mradi wake ungefungwa mwaka wa tatu.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Huko Rabai, katika miaka ya 1850, Rebmann alikutana na mtumwa aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa, jina lake Salimini. Rebmann alikaa naye akaandika maneno ya lugha yake, na kazi hiyo ilichapwa mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya kifo cha Rebmann, ikiwa kamusi ya lugha ya Kinyasa. Kitabu chenyewe kilihaririwa na Krapf. Mtu aliyeuzwa kama mzigo ndiye aliyekuwa mwalimu, na msomi wa Ulaya ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Kwa maoni yetu, hii ndiyo kazi bora aliyoifanya Rebmann, kuliko hata kule kuuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, habari ambayo mabingwa wa Ulaya waliikataa wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta.

Watu wa Umatengo mtatuelewa upesi. Mgeni akipita kwenye miteremko yenu anaona mashimo tu. Asipouliza hatajua kwamba ngoro ndiyo inayoshika udongo na maji, na kwamba wazee waliijua kazi hiyo kabla ya bwana shamba yeyote. Kijana wetu atakayefika Lilongwe au Nairobi atakuwa mgeni wa namna hiyo hiyo. Ataona mashimo.

Upande wa ziwani mnamkumbuka William Percival Johnson wa misioni ya Waanglikana. Alifika Afrika mwaka 1876, akaja ziwani miaka michache baadaye, akatembea pwani hii miaka mingi akiwa na macho mabovu, akafa Liuli mwaka 1928. Kaburi lake liko huko, halikurudishwa Uingereza. Wala si wazungu tu. Leonard Kamungu, mtoto wa ziwa hili hili, alipadrishwa mwaka 1909, na mwaka 1911 akaenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikufa huko mwaka 1913, na wapo walioamini kwamba alilishwa sumu. Huyu alikuwa na askofu nyuma yake. Asiye na askofu atazikwa na nani?

Swali hilo si la kutishana. Mnajua gharama ya kurudisha maiti kutoka nchi ya mbali, na mnajua michango hiyo huishia wapi: kwenye hii hii akaunti ya usharika. Johannesburg wageni Waafrika wameshambuliwa mara kadhaa, mwaka 2008, 2015 na tena 2019. Rwanda tangu mwaka 2018 sheria inamtaka kiongozi wa kanisa awe na elimu ya theolojia, na maelfu ya nyumba za ibada zimefungwa. Kenya, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400 waliokuwa wafuasi wa mhubiri mmoja. Wengi walikuwa wamefunga mpaka kufa. Baada ya hapo msiwashangae askari wa Kenya wakimwuliza mhubiri mgeni karatasi zake. Sisi tungemwuliza pia. Mhubiri asiyewajibika kwa mtu yeyote ni hatari kwa wasikilizaji wake kabla hajawa hatari kwake mwenyewe.

Kwa hiyo ofisi haitaki kuwazuia, na haitaki kuwaachia hivi hivi. Tunapendekeza kamati zimwulize mwombaji, uso kwa uso, mbele ya wazazi au mwenzi wake, utafanya kazi gani ya mikono huko? Kijana fundi cherehani au fundi umeme ana jibu. Anayesema "Bwana atanipa" arudi nyumbani akajifunze ufundi kwanza, Bwana atampa huko huko. Kisha aulizwe ni usharika gani wa huko utakaompokea, na barua ya mchungaji wa huko ioneshwe, si namba ya simu tu. Hati ya kusafiria na kibali cha kuishi na kufanya kazi ni vya lazima, maana kuingia kama mtalii ukahubiri kama mwinjilisti ni kusema uongo mpakani, hata ukiusema kwa Kiswahili kizuri. Na aeleze lugha ya mji ataijifunza kwa nani.

Jambo la fedha. Tunashauri usharika usilipe posho ya kila mwezi. Posho inamfanya mtu awe mwajiriwa wetu bila msimamizi. Usharika utoe nauli ya kwenda, na uweke benki, bila kuigusa, nauli ya kurudi pamoja na akiba ya ugonjwa. Mama mmoja wa kamati ya fedha alituuliza wiki iliyopita: akikaa miaka 20 bila kurudi, hiyo nauli tuifanyeje? Mama, ikae. Kijana anayejua kwamba nauli ya kurudi ipo hatatangaza miujiza ili apate chakula.

Ndugu wafadhili, ninyi mmetuuliza mtapimaje matokeo. Tunawaomba msidai idadi ya waliookoka. Mkidai idadi mtaletewa idadi. Ulizeni kama amelipa kodi ya nyumba, kama majirani zake wanamjua kwa jina, kama mchungaji wa huko angali anamtaka.

Maombi yaliyopo ofisini yatarudishwa kwa kamati za sharika husika leo, kila moja katika bahasha yake. Kamati ikutane, imsikilize kijana, iandike muhtasari, na muhtasari upite kwa mkuu wa jimbo kabla haujafika kwetu. Ombi la Johannesburg lina barua ya mchungaji wa huko lakini halina sahihi ya mke. Tunaomba kamati ianze na hiyo.

Chai iko tayari kule nyuma, na bahasha ziko kwa katibu.