Pombe na Usukani: Sheria ya Mashua za Starehe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaofanya kazi baharini)



Leo twataka kusema nanyi juu ya pombe na usukani. Chama hakikugeuka kuwa msikiti wala kanisa. Mtu akimaliza kazi yake akaenda kwake, anywe asinywe, hilo ni shauri lake. Twasema juu ya saa za kazi katika mashua za starehe, zile boti zinazochukua wageni kwenda kuvua samaki, kutazama matumbawe, au kutembea tu jua likitua. Wenzetu wengi hupata riziki humo, wakiwa manahodha, mabaharia na mafundi wa injini. Mgeni amekuja kustarehe. Sisi tumekuja kazini. Basi yafaa tujue sheria inasema nini kwa huyu na kwa yule.

Kwanza tujue kwa nini pombe baharini ni hatari. Jua, upepo, kelele za injini na kupigwa na mawimbi humchosha mtu hata kama hakunywa kitu. Akiongeza pombe juu ya uchovu huo, macho huona kwa shida, mikono huchelewa, na miguu haisimami sawasawa. Akianguka majini usiku, aweza hata asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Katika hesabu za Walinzi wa Pwani wa Marekani, mwaka baada ya mwaka, pombe ndiyo sababu iliyo mbele ya nyingine zinazojulikana katika ajali za mashua za starehe zinazoua watu.

Kwa hivyo huko Marekani sheria ya nchi nzima humshika kila aendeshaye chombo. Mwenye mashua ya starehe akikutwa na miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ana makosa. Lakini mtu anayeendesha chombo cha kazi kipimo chake ni miligramu 40 tu, yaani nusu. Na kama chombo chake ni cha kukaguliwa na serikali, haruhusiwi kuingia zamu kabla ya saa 4 kupita tangu alipokunywa. Twaona hapo kwamba mfanya kazi amebanwa zaidi. Hatulalamiki, maana roho za abiria zi mikononi mwake. Ila angalau tajiri naye ana kipimo chake.

Uingereza mambo yalikwenda namna nyingine. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, katika mto Thames, London, meli ya kuchota mchanga iitwayo Bowbelle iligonga mashua ya starehe iitwayo Marchioness, na ndani yake watu walikuwa katika karamu. Watu 51 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa katika vyombo vyote viwili hapakuwa na kazi nzuri ya kutazama mbele. Ilijulikana pia kuwa nahodha wa Bowbelle alikunywa bia mchana uliotangulia. Mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria ya kupima pombe kwa watu wa majini. Sehemu iliyowahusu mabaharia wa kazi ikaanza kutumika. Sehemu ya 80, iliyokusudiwa wale wanaoendesha mashua kwa starehe zao, ikakaa kabatini miaka mingi bila kupewa siku ya kuanza. Baadaye, mwaka 2023, ikatoka amri nyingine inayowafikia hata wenye boti za starehe wakiendesha kwa njia ya hatari, na adhabu yaweza kufika miaka 2 jela. Lakini kungoja mpaka hatari itokee si sawa na kupima mapema.

Tena uko mkataba wa mataifa juu ya mafunzo na zamu za mabaharia, uitwao STCW, nao Kenya imo. Ulirekebishwa Manila mwaka 2010, na tangu 1 Januari 2012 kipimo cha baharia aliye kazini ni miligramu 50. Mkataba huo wenyewe umeziacha nje mashua za anasa zisizofanya biashara, mashua za uvuvi, na vyombo vya mbao vya kienyeji.

Ndugu, shabaha yetu ni hii. Bahari haiulizi nani amelipwa na nani amelipa. Mlevi mwenye boti yake huzamisha watu sawa na mlevi aliyeajiriwa. Sheria yoyote itungwayo na imshike kila aliyeshika usukani, tajiri na mfanya kazi pamoja.

Nasi tuanze kwetu. Mgeni akikupa bia ukiwa kazini, mshukuru, mwambie utakunywa soda. Mwenzako akifika amelewa, asipande. Aende nyumbani leo, kuliko mimi na wewe kumzika kesho. Na mgeni mlevi akitaka kushika usukani kwa mchezo, usimpe. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini hapa ndipo mtu hupoteza kazi. Mgeni hukasirika, humlalamikia tajiri, na tajiri humwambia nahodha, “Kesho usije.” Kwa hivyo twataka neno hili liandikwe katika mapatano yetu: mfanya kazi anayekataa kung’oa nanga kwa sababu ya ulevi, au anayekataa kumpa mlevi usukani, asifukuzwe wala asikatwe mshahara. Na majaketi ya kuokoa maisha yawe ya kutosha watu wote, yavaliwe, yasifungiwe sandukuni.

Mmoja akisema peke yake, atafukuzwa. Tukisema wote, tutasikilizwa. Yapelekeni maneno haya gatini na pwani, myajadili katika matawi yenu.

Umoja ni nguvu.