Kijiji na Bomba Lake

Jioni hii twataka kusema habari za sheria ya maji vijijini katika Tanzania. Asiondoke mtu kwa kudhani ni maneno ya mawakili. Habari yenyewe ni ya ndoo iliyo kichwani mwa mtoto wako.

Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi kwa mwendo usiozidi mita 400. Gharama ilibebwa na Serikali. Mitambo mingi ilijengwa, na mingi ikaharibika, wala hapakuwa na wa kuitengeneza, kwani kila mtu alijua kuwa si yake. Mwaka 1991 ukafika, azimio halijatimia. Sera ya mwaka huo ikawataka wanakijiji nao wachangie.

Basi zikawako kamati za maji. Taabu yao ni kwamba zilikuwa chini ya serikali ya kijiji, wala kwa sheria hazikuwa na nafsi yao wenyewe. Fedha za maji zikichanganywa na fedha za kijiji, leo zanunua dizeli, kesho zajenga ofisi. Na fundi aliyekwisha kulipwa asipokuja, ni nani atakayemshitaki? Pampu ikafa, akina mama wakarudi mtoni.

Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2009, na baada yake Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, zikaweka chombo cha maji cha jamii. Chombo hiki huzaliwa kwa ridhaa ya walio wengi, hujitungia katiba, kisha huandikishwa. Kikisha kuandikishwa huwa kama mtu mzima mbele ya hakimu: chaweza kumiliki mali, kufanya mapatano, kushitaki na kushitakiwa. Vijiji kadha vyaweza kuwa na chombo kimoja, nasi twaona ni jema, maana kijiji kimoja kidogo hakiwezi kumlipa fundi na mweka hesabu mwaka mzima. Wilayani vyombo hivi husimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria hiyo ya 2019.

Wazee wengine hunung'unika, “Maji ni ya Mungu, mbona twauziwa?” Ni kweli, mvua haina bei, kinacholipiwa ni bomba, dizeli na fundi. Lakini mwenye kulipa ana haki ya kuuliza. Siku ya kusomwa hesabu, ulizeni fedha zimewekwa benki gani, zimetoka kiasi gani, na ni nani aliyetia sahihi.