Mtaji wa Wakala na Kuenea Kusiko Sawa kwa Malipo ya Simu

Malipo kwa simu ni uhamishaji wa fedha kati ya watu, au kati ya mtu na biashara au taasisi, bila noti kupita mkono kwa mkono. Salio lililomo kwenye laini ya mteja hulindwa na fedha halisi za kiasi hichohicho zilizowekwa benki katika akaunti ya dhamana. Wakala ni mfanyabiashara aliyeruhusiwa kupokea keshi na kutoa salio, au kupokea salio na kutoa keshi. Washiriki wa semina hii wanayajua hayo kwa kazi yao ya kila siku, kwa hiyo hayahitaji kurefushwa.

Huduma hii haikuenea kwa kasi moja kila mahali. Ufilipino ilikuwa na GCash tangu 2004, miaka mitatu kabla ya Safaricom kuzindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, lakini ni Kenya iliyotangulia kuiingiza huduma hii karibu kila nyumba. Vodacom ilifuata Tanzania mwaka 2008, na MTN Uganda mwaka 2009. Kufikia 2021, takwimu za Benki ya Dunia zilionesha kuwa asilimia 33 ya watu wazima katika nchi za kusini mwa Sahara walikuwa na akaunti ya fedha kwenye simu, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 10. Hata hivyo, kampuni zilizofanikiwa sehemu moja zilikwama sehemu nyingine kwa jina lilelile. Afrika Kusini, M-Pesa ilianza 2010 kwa ushirikiano na Nedbank ikilenga wateja milioni 10, ikazinduliwa upya 2014, na ikafungwa Juni 2016 ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000.

Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni za kweli. Ya kwanza ni sheria. Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu kampuni ya simu kuanza kazi kwa barua ya kutokuwa na pingamizi huku sheria ikiandaliwa, na Tanzania ilipita njia hiyohiyo hadi ilipopata Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Nigeria ilichagua benki ziongoze. Mwongozo wake wa 2009 uliziweka kampuni za simu pembeni, na ni mwongozo wa 2018 kuhusu benki za huduma za malipo uliozifungulia mlango, hata MTN na Airtel zikaanza kazi hiyo 2022. Ya pili ni benki zenyewe. Palipo na mashine za kutolea fedha na kadi nyingi, kama Afrika Kusini, mteja hakuona haja kubwa ya njia mpya.

Ipo pia njia isiyopitia kwa wakala kabisa. China na India zilijenga malipo ya simu juu ya akaunti za benki: China kwa Alipay na WeChat Pay, India kwa mfumo wa UPI ulioanza 2016, ambapo muuzaji hupokea malipo kwa kubandika karatasi yenye msimbo mezani. Huko fedha huingia benki kwa mshahara au kwa mauzo, na hutoka kwa manunuzi. Somaliland nayo ina sura yake. Zaad ya Telesom, iliyoanza 2009, hutumia dola na kutuma hakutozwi ada, na kwa kuwa shilingi ya huko ni dhaifu kiasi cha kubebwa kwa mafurushi, watu wengi huona afadhali fedha ibaki kwenye simu.

Afrika Mashariki na Kongo hazikupita huko. Huku fedha huanza ikiwa keshi, hupita kwenye simu kwa muda, na mara nyingi huishia tena kuwa keshi. Ndiyo maana anayetuma huambiwa atume “na ya kutolea”. Mfumo mzima umekalia milango miwili, wa kuwekea na wa kutolea, na yote miwili anaishika wakala. Jambo hili husemwa katika kila semina na kupitishwa haraka. Linastahili kukaliwa kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo tofauti kati ya wilaya na wilaya, na kati ya nchi na nchi, inapozaliwa.

Mtaji wa wakala umegawanyika katika mafungu mawili ambayo hayawezi kuzibiana mapengo bila safari. Chukua wakala wa kijijini mwenye shilingi 1,000,000, ambapo 600,000 ni keshi iliyo kwenye droo na 400,000 ni floti, yaani salio lililo kwenye laini ya uwakala. Asubuhi wanakuja wateja wawili, kila mmoja anatoa 300,000. Droo imebaki tupu na floti imefika 1,000,000. Hajapoteza hata shilingi, lakini mteja wa tatu anaambiwa “keshi hamna” na anaondoka. Ili arudi kazini, wakala afunge kibanda, apande bodaboda hadi makao makuu ya wilaya, apange foleni benki pamoja na wateja wengine, kisha arudi na keshi njiani akijua kuna wanaomfahamu na mzigo alioubeba. Nauli ni yake, siku iliyopotea ni yake, na akivamiwa hasara ni yake. Kamisheni ya miamala miwili ile haifikii gharama ya safari hiyo.

Mambo huwa magumu zaidi kwa sababu kijiji huhitaji kitu kimoja kwa wakati mmoja. Msimu wa korosho Mtwara na Lindi, wakulima wanapolipwa, karibu kila anayefika kibandani anataka kutoa. Januari, wazazi wanapotuma ada, kila mtu anataka kuweka, na kinachokwisha ni floti. Mjini miamala ya kuweka na ya kutoa husawazishana ndani ya saa chache, na benki iko mtaa wa pili. Wakala wa Kariakoo na wakala wa kijijini wameandikwa kwenye orodha moja na kulipwa kwa jedwali moja la kamisheni, ingawa kazi zao hazifanani.

Kwa Tanzania kuna tatizo la ziada lililotokana na jambo jema. Wakala hakufungwa kwa kampuni moja, hivyo kibanda kimoja hubeba mabango matatu au manne. Mteja amefaidika, lakini wakala anagawa mtaji uleule mara tatu au nne, kwa sababu kila kampuni ina floti yake. Makubaliano ya 2014 kati ya Tigo, Airtel na Zantel, ambayo Vodacom ilijiunga nayo 2016, yaliwawezesha wateja kutumiana fedha kati ya mtandao na mtandao. Floti za mawakala, kwa kawaida, zilibaki kila moja kwenye chungu chake. Kongo hali ni nzito zaidi. M-Pesa iko huko tangu 2012 pamoja na Airtel Money na Orange Money, na kwa kuwa wateja hutumia dola na faranga kwa pamoja, wakala wa Goma au Lubumbashi hulazimika kuwa na dola za mkononi, faranga za mkononi, floti ya dola na floti ya faranga, kwa kila kampuni anayoihudumia.

Uzito wa tatizo hili hauonekani katika taarifa rasmi, na hiyo ndiyo sehemu inayokera kuliko zote. Mifumo huhesabu miamala iliyofanyika. Mteja aliyeambiwa “keshi hamna” hakubonyeza kitufe chochote, kwa hiyo hakuacha alama popote. Taarifa ya robo mwaka inaweza kuonesha ongezeko la laini zilizosajiliwa, ongezeko la miamala na ongezeko la mawakala, wakati huohuo bibi aliyetumiwa fedha na mwanawe amezunguka vibanda vitatu na kurudi nyumbani mikono mitupu. Idadi ya mawakala nayo huhesabiwa kwa namba za uwakala, hivyo kibanda chenye kampuni tatu huonekana kuwa vibanda vitatu. Ombi la kuhesabu wanaokosa huduma limewahi kutolewa mara nyingi katika mikutano ya namna hii. Limepokelewa kwa heshima kila mara, na halijaingia kwenye fomu.

Mteja naye hulipia upungufu huo. Wakala mwenye keshi kidogo humtaka atoe nusu leo na nusu kesho, na kwa kuwa ada hupangwa kwa madaraja, kutoa mara mbili huweza kugharimu zaidi. Tozo za serikali ziliangukia mlango uleule. Uganda ilianza na asilimia 1 Julai 2018, kisha ikashusha hadi asilimia 0.5 kwa kutoa fedha pekee. Tanzania iliweka tozo ya miamala Julai 2021, na Septemba mwaka huohuo ikaipunguza kwa asilimia 30 baada ya malalamiko ya wananchi. Nia ya kugharamia huduma za jamii inaeleweka na haibishaniwi hapa. Lakini tozo hizo zilipopunguza miamala, aliyepoteza kamisheni mara moja alikuwa wakala. Nigeria ilionesha kwa upande mwingine jinsi mteja anavyolipia upungufu wa keshi: mapema 2023, noti za zamani za naira zilipokuwa zikiondolewa na mpya hazitoshi, mawakala wa mashine za malipo walitoza fedha nyingi kwa kumpa mtu noti tu.

Pendekezo la kwanza, kwa hiyo, ni kupima. Benki kuu za ukanda huu ziagize ukaguzi wa mara kwa mara ambapo mkaguzi anafika kibandani kama mteja wa kawaida, anaomba kutoa kiasi cha wastani, na kuandika kama amepata. Matokeo yatolewe kwa wilaya. Sambamba na hilo, vibanda vihesabiwe kama vibanda, si kama namba za uwakala.

Kampuni za simu zilipe kamisheni kila siku badala ya mwisho wa mwezi, maana kamisheni ya wakala mdogo ndiyo mtaji wake wa kesho. Ziwe na kiwango cha juu zaidi kwa wakala aliye mbali na benki, kifuate umbali na msimu. Benki zitenge dirisha la mawakala, na zikopeshe floti ya siku moja au mbili kwa kuangalia historia ya miamala bila kudai hati ya nyumba. Makampuni na mamlaka zifanye majaribio ya floti ya pamoja, ili shilingi moja ya wakala ihudumie wateja wa mitandao yote. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu ya Tanzania, TIPS, unatoa msingi wa kuanzia, ingawa mgawanyo wa gharama utahitaji mazungumzo marefu.

Huenda ikapendekezwa kuwa riba ya akaunti za dhamana itumike kuwapa mawakala mtaji. Hilo lisikubaliwe kwa jumla. Riba hiyo ni ya wenye salio, na Tigo ilipoanza kuigawa kwa wateja wake 2014 iliweka mfano unaostahili kulindwa. Wakala apate sehemu yake kwa salio analolishika yeye, basi.

Wizara za fedha zisiweke tozo yoyote mpya kwenye kutoa fedha bila kwanza kukaa na vyama vya mawakala, na bila kupima athari yake vijijini. Kulipia dukani kwa namba ya malipo kuwe kwa bei nafuu kwa muuzaji, na muuzaji aweze kumlipa msambazaji wake kwa salio hilohilo, ili haja ya keshi ipungue yenyewe. Hilo litachukua miaka. Katika miaka hiyo wakala ataendelea kuhitajika, na mtaji wake utaendelea kupungukiwa upande mmoja kila msimu.

Kati ya yote yaliyopendekezwa, moja halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Fomu ya taarifa ya robo mwaka iongezwe safu moja: wateja waliofika kwa wakala na kuondoka bila huduma, kwa kila wilaya. Washiriki wenye mamlaka juu ya fomu hiyo wanaombwa kuiongeza safu hiyo kabla ya taarifa ya robo ijayo kuandaliwa.