MWALIMU WA BAGAMOYO NA HAKI YA LUGHA

Maneno tuliyowaambia wanachama



Tumekuja kuzungumza nanyi habari ya haki ya lugha. Hatuna haja ya kuanzia mbali, maana habari yenyewe imo humu humu mwenu. Twataka kumtaja mtu wa Dunda, jirani na mji huu wa Bagamoyo. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, na mwaka tutakaoukumbuka ni 1905.

Mtoro alisoma elimu ya dini hapa Bagamoyo. Alikuwa kijana wakati Wadachi walipoipiga pwani hii kwa mizinga, katika vita vya Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, 1888 na 1889. Lakini mtawala alijua kwamba bunduki peke yake haitoshi. Asiyejua lugha ya watu hawezi kuwatoza kodi wala kuwahukumu. Kwa hiyo mjini Berlin kilikuwapo chuo cha lugha za mashariki, kilichofunguliwa 1887, na humo maofisa walijifunza Kiswahili kabla ya kuja kututawala.

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda huko kufundisha. Hakufundisha tu, aliandika pia. Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli kilitoka 1903, nacho kinaeleza uzazi, jando na unyago, ndoa, kilimo, ngoma, pepo na uganga, sheria na utumwa. Sehemu kubwa ya maneno yale ni ya Mtoro. Lakini nje ya kitabu liliandikwa jina la Carl Velten, kwamba yeye ndiye mkusanyaji. Kweli Velten alimtaja Mtoro ndani, lakini nje jina lilikuwa la mgeni. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na aliyepona ni mgeni.

Sasa sikilizeni mambo ya 1905. Mtoro alikuwa ameoa mke Mdachi mwaka uliotangulia. Chuoni, wanafunzi wazungu walimfanyia dharau, heshima ya mwalimu hawakumpa. Akaiacha kazi. Akapanda meli na mkewe kurudi kwao. Walipofika pwani yetu, serikali ya koloni ikakataa wasishuke pamoja. Mtu aliyewafundisha watawala kusema "hodi" alifungiwa mlango wa nchi yake mwenyewe! Ilimbidi kurudi Ulaya. Hakunyamaza; alishika kalamu akaidai haki yake kwa serikali ile ile. Alifia Berlin mwaka 1927, na Bagamoyo hakuiona tena.

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye neno letu. Wadachi walikisema Kiswahili, wakakichapa vitabuni, wakakitumia ofisini. Je, kwa hayo tulikuwa na haki ya lugha? Hatukuwa nayo. Lugha ilitumika, lakini mwenye lugha hakuhesabiwa kitu. Ilipita miaka 78, ndipo mwaka 1981 kitabu kilipotoka kwa Kiingereza, kimefasiriwa na J. W. T. Allen, na jina la Mtoro likasomwa nje.

Basi na sisi tujipime. Baraza la Kiswahili tuliliunda 1967. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na hilo ni jambo la kushukuru, maana mkulima ataielewa hukumu inayomnyang'anya shamba au kumrudishia. Lakini shuleni je? Tume ya Rais ya 1982, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Haikufanyika. Mpaka leo mtoto wa Saadani anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na kukuta masomo mengi yamegeuka Kiingereza. Anayejua jibu hukaa kimya kwa kukosa maneno, na kimya chake huitwa ujinga. Hatusemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe vizuri, kama somo, na walimu wanaokijua. Tunalokataa ni kukifanya mlango wa kila elimu.

Na tusiwafanyie wengine tuliyofanyiwa. Kikwere, Kidoe, Kizigua na Kizaramo ni lugha za jirani zetu. Anayemcheka bibi kwa kusema Kikwere hana ruhusa ya kulalamika akichekwa yeye.

Twawaomba mambo mawili. Kwanza, kila mzazi aulize katika mkutano wa shule mtoto wake anaelewa nini darasani, na si alama tu. Pili, yeyote anayekuja kuandika hadithi na desturi za wazee wetu, awe mgeni au mtoto wetu wa Chuo Kikuu, aandike jina la mzee akiridhia, tena kwa herufi zinazoonekana, na kitabu kikitoka kirudi kijijini kisomwe. Mtoro alizuiliwa bandarini. Maneno ya wazee waliobaki yasizuiliwe tena.